Pafu la Mapazia

Mwenyekiti wa tamasha, mfamasia wa pale mtaani, alikuja nyumbani kwa Mwalimu huku akikunjakunja kofia yake mikononi. Alitaka kujua kama lile pafu la maonyesho, lililoshonwa kwa mapazia, litaondolewa kwenye ratiba.

"Libaki," Mwalimu alisema.

"Hakuna atakayekulaumu, Mwalimu. Msiba bado mbichi."

"Nimesema libaki."

Watu wakasifu moyo wake wa chuma. Moyo gani? Tangu wamzike mdogo wake alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unaning'inia, lakini ukiufinya si wako. Alikula alichopewa. Aliambiwa pole, akajibu nimeshapoa, ndiyo hivyo.

Pafu hilo walilibuni wote wawili. Yeye, mwalimu wa biolojia, alitoa vipimo. Mdogo wake, mchoraji wa mabango ya maduka, akashona mapazia makuukuu juu ya pete za waya hadi likawa kubwa kama chumba. Feni ililijaza hewa likatuna, kisha ikapunguzwa likanywea. Watu wangeingia, wakae chini, waone mishipa imewazunguka.

Ila mishipa ilikuwa na kasoro. Mchoraji aliipaka nyekundu ile inayotoka moyoni na bluu ile inayorudi, kama ilivyo kwingine kote mwilini. Kwenye pafu mambo ni kinyume. Walibishana hadi chai ikapoa.

"Dada, watu wanakuja kushangaa, si kufanya mtihani."

"Basi washangae kitu cha kweli."

Mdogo wake alicheka, akaahidi kurekebisha baada ya kumaliza bango la kinyozi. Homa ikamlaza kabla ya bango kukauka. Hakuinuka tena.

Asubuhi ya tamasha Mwalimu aliingia ndani ya pafu na makopo mawili ya rangi, akaanza kupaka juu ya kazi ya marehemu. Mkono wake haukuzoea brashi. Mistari ilitoka minene, yenye vinundu, kama mishipa ya mgonjwa. Hakusikia uchungu wowote, na hilo ndilo lililomtia hofu kidogo.

Mama yao akainama mlangoni, akajipenyeza ndani.

"Unafuta?"

"Narekebisha, Mama. Rangi zimegeuzwa."

"Mwenyewe alijua?"

"Alijua. Alisema atarekebisha."

Mama akatazama mishipa iliyobaki, ile laini, iliyopinda kwa madaha. "Huyo na ahadi zake. Vyombo vyote alivyosema ataosha, aliyeviosha ni nani?"

"Mimi."

"Basi paka, mwanangu." Akakaa chini, akamshikia kopo.

Walipaka upande wa kulia tu. Kabla hawajagusa wa kushoto milango ya tamasha ilifunguliwa, na mtaa mzima ukaingia: wauza vitumbua, wanafunzi, mafundi wenye mikono ya mafuta. Mwalimu alisimama mle ndani akieleza kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, kila kundi maneno yaleyale.

"Upande huu ndio sahihi. Damu ya bluu inakuja kuchukua hewa, nyekundu inarudi moyoni. Upande ule si sahihi. Aliuchora mdogo wangu."

Fundi makenika mmoja akageuza shingo huku na huku. "Samahani, Mwalimu. Sahihi ni huu, sawa. Mzuri je?"

"Ule wake," alijibu.

Watu wakacheka, hata Mama. Mwalimu alikisikia kicheko hicho kama redio ya jirani. Akaendelea na kundi lililofuata.

Jioni mwenyekiti aliuliza pafu liende wapi. Shule ililitaka. Mama alitaka kukata kipande cha kushoto akiweke sebuleni. Mwalimu alifikiri, akasema liende shuleni likiwa zima, na upande wa kushoto usiguswe. Wanafunzi ndio watafute kosa lenyewe.

"Nami?" Mama aliuliza.

"Uje shuleni ulione. Nitakufungulia stoo."

Mama hakubisha. Wakarudi nyumbani kwa miguu, mikono ya wote wawili ina madoa ya rangi. Njiani Mama alikiri kwamba hajaelewa kabisa habari ya damu ya bluu. Alikuwa anatikisa kichwa tu kwa heshima. Mwalimu akaanza kumweleza. Machozi hayakuja, naye hakuyangoja.

"Hebu rudia," Mama alisema. "Polepole, mimi si mwanafunzi wako."

Akarudia.