Kadi Tano kutoka kwa Néhémie

...na tena bila bahasha, hata bahasha imemshinda, ameyaacha maneno yake wazi nyuma ya picha ili kila mkono uliozigusa kadi hizi kutoka Kanada mpaka hapa Kisangani uyasome kama tangazo la ukutani, na huyu papa Gédéon wa dirisha la posta bila shaka ameyasoma, la sivyo kwa nini anamtazama hivi, kichwa upande, kwa huruma, nani amemwomba huruma... "Mama Kaswera, hizi ine ni sawa, utazipeleka," papa Gédéon alikuwa anasema, mhuri mkononi, "lakini hii moja iko ya marehemu. Nirudishe? Tunaandika tu décédée, napiga mhuri, inarudi kule ilitoka"... Kaswera alikuwa ameishika kadi yake mwenyewe kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu kichafu, picha ya mto ulioganda na watu waliovaa makoti wakitembea juu yake, mto mzima umekuwa barabara, upuuzi gani huu, miaka minne kimya halafu unatuma picha ya barafu, kwa mama yako, kwa dada yako, kwa tonton Isaïe mjomba wako, kwa Pierre wa Lubunga uliyekuwa ukiogelea naye mpaka midomo inakuwa ya bluu, kwa Françoise ambaye sasa ana mume na watoto watatu na wala hakumbuki hata sura yako, kadi tano kwa anwani ya sanduku la posta la marehemu baba ambalo Kaswera amelilinda miaka yote kwa mazoea tu, analifungua kila mwanzo wa mwezi, anakuta vumbi, anafunga, anarudi dukani kwake kwenye marobota ya vitenge, na leo, kati ya siku zote, leo... aligeuza kadi, mwandiko ule ule, herufi zenye mikia mirefu, yeye ndiye aliyemfundisha, Kaswera wa miaka kumi na sita na chaki, kwenye mlango wa stoo, andika jina lako, Néhémie, futa, andika tena, na sasa mikia ile ile inamwambia yeye dada mkubwa: *Yaya, uliniambia nisipige simu tena, basi sikupiga. Lakini hukusema nisiandike.* Ona jeuri hiyo! Ona mdomo! Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, unamwambia asitoke nje, anakaa kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, anacheka, na mama badala ya kumchapa anacheka naye, mwanangu huyu atakuwa wakili, wakili wa nini, wakili angepanda ndege akaja wakati mguu wa mama ulipoanza kuoza kwa ugonjwa wa sukari, wakati Kaswera alipokuwa anaosha kidonda asubuhi na jioni na harufu inamfuata mpaka dukani, wateja wanarudi nyuma, na yeye Néhémie kila Jumapili anapiga kwenye simu ya mama, sauti tamu, mama unaendeleaje, mama umekula nini, na mama anang'aa kama mchumba, baada ya simu hiyo hamwoni tena mwenye kumbeba kwenda chooni... "Mama, uko unanisikia?" papa Gédéon aliuliza... nakusikia, papa, nakusikia, aliwaza... ndiyo, alimwambia asipige, angefanya nini, alikuwa amechoka, alitoka uani na simu ya mama akamwambia, karatasi, karatasi, kila siku ni karatasi zako za ukaazi hazijatoka, kama huwezi kuja usipige tena, mama anakufa kwa kukungoja, umesikia, usipige tena, na upande wa pili sauti ndogo, sawa yaya... sawa yaya! Nani alimwambia atii? Maisha yake yote hajawahi kutii neno moja, akachagua lile! Hilo ndilo linalomchoma, mpumbavu huyu, hakujua kwamba mtu aliyechoka husema tu, kwamba ilimpasa kupiga kesho yake, na kesho kutwa, apige mpaka apokelewe... na mama kitandani, Jumapili ya kwanza, anauliza, Néhémie amepiga? Hapana, mama. Jumapili ya pili, Kaswera, Néhémie amepiga? Hapana. Na ilikuwa kweli, hakupiga, hakuna mtu angeweza kumwita Kaswera mwongo, alisema kweli tupu, na mama akageuza uso ukutani, Jumatano yake akafariki... "Tukiandika décédée si vibaya," papa Gédéon alisema taratibu, "hata batu wengine banafanya vile. Ao yeye tayari anajua?"... anajua, bila shaka anajua, ndivyo Kaswera alivyomwambia tonton Isaïe, mbele ya jeneza, tonton kasimama na kofia mkononi, Néhémie ameambiwa? Ameambiwa, tonton. Amesema nini? Amesema yuko kazini. Yuko kazini! Lilitoka mdomoni lenyewe, laini, kama limekuwa likingoja pale siku nyingi, na tonton Isaïe, mzee wa watu, akasema mbele ya ukoo wote, kuanzia leo jina la mtoto huyo lisitajwe nyumbani kwangu, na halikutajwa, na jioni ile Kaswera akaizima simu ya mama, akaifunga ndani ya kitenge, chini kabisa ya sanduku la nguo... akachungulia kadi ya tonton, ingawa si yake, nani anajali, iko wazi: *Tonton, niangalilie mama mpaka nifike.* Akaisoma mara mbili. Tonton akiisoma hii ataelewa, ana miaka themanini lakini si mjinga, ataivua miwani, ataiweka mezani, atauliza, Kaswera, kumbe mtoto hajui?... basi aichane, hapa hapa, aziwashie moto zote uani pamoja na maganda ya ndizi, amrushie Pierre salamu ya mdomo, na hii ya mama irudi na mhuri wake, asome mwenyewe huko kwenye barafu yake, neno moja la Kifaransa lililoandikwa na mkono asioujua, vizuri, aonje naye... "Naweza kuiona?" alisema, na papa Gédéon akaisogeza kadi ya tano chini ya kioo, wala hakuiachia, kidole chake pembeni, kama anamshikilia mtoto anayejifunza kutembea: *Mama, karatasi zimetoka. Mwezi wa kumi na mbili nakuja. Usinipikie, mimi nitakupikia lituma, nimejaribu hapa na ndizi zao, haikuwa lituma, nilikula nikacheka peke yangu. Najua yaya amenikasirikia. Usimgombeze. Ni yeye alibaki*... ni yeye alibaki... Kaswera akaisoma sentensi hiyo, akatafuta hasira yake pale ilipokuwa sasa hivi, ilikuwepo, ilikuwepo bado, moto ule ule kifuani, ila ilikuwa imegeuka na kumtazama yeye, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili mwenye simu ya marehemu chini ya nguo... alikuwa anamdanganya nani, miaka minne, akijiambia anamlinda mama dhidi ya mtoto mbaya, na mama amelala tayari kaburini, na mtoto yuko jikoni ugenini anaponda ndizi kwa ajili yake... aliona mhuri ule ukishuka, aliona herufi za mtu wa ofisi zikipita juu ya ile mikia mirefu... nyuma yake mzee mmoja alikohoa, mwanamke mwenye kifurushi akauliza, bon, foleni inaenda ao haiende... "Alors, mama?" papa Gédéon alisema, mhuri bado hewani. "Nirudishe?"... atakwenda kwa tonton leo, kabla ya chakula, atakaa chini, si kwenye kiti, chini, atasema, na tonton atasema atakalosema, na kisha ataandika kule, kwa mkono wake, na sijui, sijui, maneno gani mtu huanza nayo... "Hajue, papa," Kaswera alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mutoto hajue kama mama alikufa. Ni mimi. Ni mimi sikumwambia"... na wote waliokuwa nyuma yake wakanyamaza, akasikia wakinyamaza mmoja mmoja, na hakugeuka.