Bingwa Afundisha Lugha Mpya

"TANGAZO MUHIMU. Wahandisi wote wa programu mnaalikwa kwa heshima na taadhima kwenye Semina Kuu ya Lugha Mpya ya Kompyuta, lugha itakayozika zote za zamani na kufungua ukurasa mpya katika maisha ya idara yetu. Saa tatu kamili asubuhi. Ukumbi Mkuu."

Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Ukumbi Mkuu wana mkutano watu wa mauzo. Nendeni stoo ya viti." Na chini ya hapo, kwa mwandiko mwingine: "Stoo ya viti haina viti."

Mwandishi wa tangazo lile, yaani yale maneno makubwa ya juu, alisimama mlangoni akilisoma. Alikuwa na miaka thelathini na moja na ofisi nzima ilimwita Bingwa. Jina hilo alibandikwa na mdogo wake wa kike, waliyefanya naye kazi idara moja, siku alipobadilisha nywila ya mtambo mzima kwa ajili ya usalama, kisha akaisahau.

"Kaka, watu kumi na tisa wamesimama huko ndani kama wanasubiri basi," mdogo wake alimwambia. Kazi yake yeye ilikuwa kupima programu za wenzake mpaka ziharibike, na alilipenda jukumu hilo kupita kiasi. "Tuanze, au tusubiri lugha izikwe kwanza?"

"Wewe mtoto, tafuta viti."

"Mtoto ana miaka ishirini na nane na hana viti."

Waliketi juu ya maboksi ya karatasi.

Semina ile kwa Bingwa haikuwa mchezo. Kampuni yao ilijulikana kwa kitu kimoja tu: programu ya kupanga zamu za manesi hospitalini. Iliandikwa miaka ishirini na mbili iliyopita na mzee mfupi, mpole, aliyeitwa Babu Faili, kwa lugha ambayo siku hizi hakuna anayejifunza kwa hiari. Kwa miaka minne kazi ya Bingwa ilikuwa kuitia viraka. Aliziba hapa, ikavuja kule. Alipomuuliza Babu Faili mstari fulani una kazi gani, mzee alijibu, "Utoe, uone." Bingwa akautoa. Hospitali mbili zikaamka na zamu ya usiku inayoanza saa sita mchana.

Ndipo alipokwenda kwa mkurugenzi na kuomba ruhusa ya kuiandika upya yote, kwa lugha mpya. Mkurugenzi, mama asiyepoteza neno, alimsikiliza hadi mwisho.

"Nionyeshe kitu kinachofanya kazi, mbele ya wenzako," alisema. "Ukiweza, nakupa timu yako mwenyewe. Ukishindwa, tunabaki na ya zamani, na habari hii nisiisikie tena mpaka nistaafu."

Mkurugenzi alikuwa na miaka arobaini na mbili.

Sasa lipo jambo ambalo halikuandikwa kwenye tangazo. Bingwa aliandika upya sehemu kubwa ya programu, na aliiandika vizuri. Lakini ile sehemu ya kubadilishana zamu, nesi mmoja akiugua na mwingine akiwa likizo, ilimtoa jasho. Wiki tatu aliihangaikia. Kila alipodhani ameishika, ilimpangia mtu mmoja wodi mbili kwa wakati mmoja. Basi Alhamisi, siku moja kabla ya semina, aliongeza mistari miwili. Swali gumu likija, programu mpya ililipeleka kimyakimya kwa programu ya zamani, ikasubiri jibu, ikalipokea na kulionyesha kana kwamba imelipata yenyewe.

"Ni kwa muda tu," alijiambia. Mwizi wa sukari naye huonja kwa muda tu.

Saa tatu na robo, projekta iligoma. Ilitoa mwanga wa kijani, ikanguruma, ikazima. Bingwa aliipiga kofi la heshima ubavuni. Ikawaka, ikaonyesha picha kichwa chini.

"Tugeuke sisi," alishauri mtu wa nyuma.

Saa nne kasoro, picha ilikaa sawa, na kompyuta ya Bingwa ikachagua saa hiyo hiyo kujisasisha. Asilimia nne. Tafadhali usizime. Asilimia nne. Bingwa aliitazama kwa macho ambayo kama yangekuwa moto, stoo nzima ingeteketea. Alifuta jasho kwa tai yake. Aliivaa tai hiyo mara ya mwisho kwenye harusi yake, na hata siku hiyo ilimkaba.

"Kaka, tai inakunyonga au ni lugha mpya?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu, niandike kwenye ripoti."

Asilimia mia ilipofika alivuta pumzi, akafungua somo. Aliandika mstari wa kwanza wa lugha mpya ukutani, mkubwa, mzuri, akageuka kuueleza. Mkono ulikuwa tayari umeinuka.

"Hiyo alama ya mabano, mbona umeiweka mwisho wa mstari? Mahali pake ni mstari wa chini."

"Inafanya kazi kote kote," alisema Bingwa.

"Sijasema haifanyi kazi. Nasema haipendezi."

"Atakayeiweka chini," alidakia mwingine, "hafai kuachiwa kibodi."

Wallahi, watu wazima kumi na tisa wenye familia zao walibishana juu ya makao ya mabano kwa dakika arobaini. Mmoja alisimama juu ya boksi, boksi likabonyea, akaendelea kuhutubia akiwa amezama magotini. Bingwa alipiga meza. Alipiga makofi. Alisema "jamani" kwa sauti za aina saba. Slaidi zake hamsini na mbili zilikuwa zimekaa kwenye ile ya pili.

Mkurugenzi aliingia saa tano kamili, daftari mkononi, na ukimya ukaingia naye. Aliketi kwenye boksi la mbele kabisa, kando ya Babu Faili, ambaye asubuhi yote hakutia neno. Mzee alikuwa anasafisha miwani.

"Nina dakika ishirini," mkurugenzi alisema. "Mmefika wapi?"

"Tumefika pazuri, mama," alisema Bingwa.

Mdogo wake alikohoa.

Bingwa aliruka slaidi zote hamsini akaenda moja kwa moja kwenye programu. Na lo, ikaenda! Aliingiza manesi thelathini, wodi sita, mwezi mzima. Ratiba ikatoka safi kabla hajainua kidole. Akamuugulisha nesi mmoja, akampa mwingine likizo ya uzazi. Hapo skrini ilisita kidogo, sekunde mbili hivi, kisha ratiba mpya ikajipanga bila kosa. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mkurugenzi akaandika kitu kwenye daftari. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega ya Bingwa yalishuka.

"Nina swali," alisema Babu Faili.

Mabega yakapanda.

"Nijaribie kitu, mjukuu wangu. Weka nesi mmoja tu. Wodi zote sita, mchana na usiku, siku thelathini, bila mapumziko."

"Hakuna hospitali itakayofanya hivyo, Babu."

"Najua. Weka."

Bingwa akaweka. Kukataa kungeonekana vibaya, na isitoshe aliamini itasema haiwezekani, basi. Akabonyeza. Skrini ikasita sekunde moja, mbili, tatu. Kisha maneno yakatokea ukutani, kila herufi kubwa kama dirisha:

HUYU NI MTU, SI FENI. MWACHENI AKALALE.

Stoo ililipuka kwa kicheko. Yule wa kwenye boksi alizama zaidi. Mkurugenzi, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake ya nyuma, alicheka mpaka akashika daftari kifuani.

"Hii nimeipenda," alisema. "Programu yenye utu! Miaka yote na ile ya zamani, hakuna aliyewahi kufikiria kitu kama hiki. Bingwa, umenifurahisha. Timu nakupa. Jumatatu njoo ofisini uniambie unamtaka nani."

Watu walipiga makofi. Bingwa alitabasamu, lakini shavu moja tu ndilo lililotii. Hakuwahi kuandika sentensi ile. Hakuwahi kuiona maishani mwake. Alimtazama mzee, akakuta mzee naye anamtazama, bila hasira yoyote, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Nzuri sana sentensi hiyo," alisema Babu Faili makofi yalipotulia. "Mke wangu alikuwa nesi. Uliiandika lini?"

Bingwa alifungua mdomo. Angeweza kusema juzi. Angeweza kusema ni bahati, ni mzaha, mawazo yamegongana. Uongo ulijipanga foleni ulimini, kila mmoja na tai yake.

"Kaka?" aliita mdogo wake. Safari hii hakuwa anatania. Alikuwa ametambua, kwa sababu kutambua ndiyo kazi yake, na uso wake uliomba asikie jibu jingine.

Mkurugenzi aligeuza kichwa, akamtazama mmoja, kisha mwingine. "Kuna nini?"

Miaka minne ya viraka. Wiki tatu za kuugua na nesi wa kwenye karatasi. Asubuhi nzima ya projekta, mabano na asilimia nne, na sasa mlango umefunguka, tena kwa makofi, naye asingeweza kuupita. Bingwa alihisi hamu ya kuitupa kompyuta ile dirishani. Stoo haikuwa na dirisha.

Alilegeza tai, akafungua faili lenyewe la programu ukutani, akateremka chini polepole mpaka alipopataka, akatia kidole.

"Mistari hii miwili," alisema. "Wa kwanza unaiuliza programu ya Babu. Wa pili unasubiri ijibu. Sehemu ya kubadilishana zamu sikuiandika, mama. Nilijaribu wiki tatu, nikashindwa, nikaona aibu kusema."

"Na ile sentensi?"

"Ya Babu. Mimi nimeisoma leo pamoja nanyi."