Faili la Nyanjige

Veronica alibofya kwa mara ya tatu, polepole, kama anayembembeleza mtoto afumbue mdomo, na kompyuta ikamjibu vilevile: hilo faili hailijui.

Jina lilikuwepo. MAMA, kama alivyoliandika mwenyewe mwezi wa pili. Lakini nyuma ya jina pameota mkia wa herufi na tarakimu zisizosomeka, na ile alama ya karatasi aliyoizoea imegeuka nyeupe tupu. Akafungua folda nyingine. Nyeupe. Picha za mahafali ya binti yake Jenifer, nyeupe. Kadi za harusi za nusu ya mtaa, nyeupe. Kilichokubali kufunguka ni barua moja tu ya Kiingereza, na mumewe, Josia, akaisoma kwa kidole neno kwa neno: mafaili yenu tumeyafunga, mkitaka ufunguo lipeni kwa njia ya mtandao, mna siku tatu.

"Ni akina nani hawa?" Josia akauliza.

"Sijui."

"Wanatufahamu?"

"Hawatufahamu, baba Jenifer. Hawajui hata kama tumefiwa."

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nje, chini ya turubai, wanawake walikuwa wanamenya viazi na kusalimiana Kisukuma kwa sauti za chini, mwangaluka, mwangaluka, kila aliyeingia akipokewa upya. Saa sita mwili ungechukuliwa hospitali, na saa tisa mama yake Veronica, Nyanjige, angezikwa nyumbani kwake Nkololo. Kabla jeneza halijashushwa, wasifu wake ungesomwa. Wasifu huo ulikuwa ndani ya hilo faili, na haukuwa mahali pengine popote duniani.

Asiyemjua Veronica angesema ni mzembe. Mzembe hakuwa. Alikuwa mpiga chapa wa serikali kwa miaka ishirini na sita, tangu enzi za mashine zilizotaka vidole vya mkulima, na alipostaafu, familia ikanunua kompyuta moja ya mezani ikawekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha heshima. Ilikuwa ya wote. Josia alisomea habari za pamba. Jenifer alifanyia kazi zake za chuo akija likizo, na filamu alizosema ni za masomo. Majirani walileta kadi na barua. Na mtu akifa, wafiwa walikuja kwa Veronica, wakaketi kwenye stuli, wakasimulia: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Vidole vyake vilikwenda sambamba na sauti zao, wakinyamaza navyo vinanyamaza. Jioni ukimuuliza asubuhi aliandika nini, hakumbuki. Ndivyo walivyofundishwa chuoni, neno liingie sikioni litokee vidoleni, lisipotee njia likapita kichwani.

Na ulinzi wa kuzuia virusi ulikuwepo. Jenifer ndiye aliyeuweka, akabandika karatasi ubavuni mwa kompyuta: FLASHI ZOTE ZIPIMWE KWANZA. ULINZI USIZIMWE. NAKALA KILA JUMAPILI. Veronica aliitii karatasi hiyo kuliko alivyomtii daktari wake wa presha. Flashi ya paroko ilipimwa. Flashi ya mwenyekiti wa mtaa ilipimwa, mwenyewe ameketi anakunywa chai na kujifanya hajali. Kila Jumapili baada ya misa alichomeka diski ya akiba, akanakili kila kitu, akaichomoa na kuifungia kabatini pamoja na vitenge vyake vizuri.

Sasa jana saa kumi ndipo kaka yake alipofika kutoka Nyashimo.

Shigela ndiye mkubwa, na kwa Nyanjige walikuwa wamebaki wao wawili tu. Alikuja na flashi yenye picha ya mama, ile ya kuwekwa kwenye fremu na kubebwa mbele ya jeneza. Picha ilikuwa kwenye simu, akaihamishia kwenye flashi katika stesheneri moja ya barabarani, akaitia flashi mfuko wa shati, karibu na moyo. Veronica alipoichomeka, kioo kikawa chekundu na mashine ikalia.

"Inasemaje?" Shigela akauliza.

"Inasema flashi ina ugonjwa, kaka."

Sebule ilikuwa imejaa. Shangazi walikuwepo, majirani walikuwepo, na wote wakageuka kutazama. Shigela hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Nimekuja kumzika mama," akasema, "halafu nyumba ya mdogo wangu inaniambia mbele za watu kwamba nina ugonjwa."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusimamishwa mlangoni. Mtu akibisha unamkaribisha, kinachomleta utakijua akishakunywa maji. Na huyu hakuwa mtu tu, alikuwa kaka mkubwa, macho mekundu, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Veronica aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Akazima ulinzi kwa mkono wake mwenyewe, na diski ya akiba ikiwa imechomekwa palepale, kwa sababu alikusudia kunakili kila kitu kabla ya mazishi.

Kwenye flashi kulikuwa na folda mbili zenye jina moja, PICHA ZA MAMA. Shigela akainama begani kwake, akasema, "Ndiyo hiyo," akabofya ya kwanza. Haikuwa folda. Kioo kilitikisika kidogo kikatulia. Wakabofya ya pili, mama akatokea amevaa kilemba cha njano, anacheka. Picha ikatoka kwenye printa, sebule nzima ikaangua kilio, na Veronica akaenda kulia na wenzake. Nyuma yao mashine ilikuwa inaendelea kunguruma, na hakuna aliyejiuliza inafanya kazi gani. Saa moja jioni umeme ukakatika kabla hajachapisha wasifu. Akasema moyoni, nitauchapisha asubuhi.

Kabla ya hapo asingeweza kuuchapisha. Wasifu wa mtu aliye hai hauwekwi kwenye karatasi, hilo kila mtu Bariadi analijua, na Nyanjige alilijua kuliko wote. Mwezi wa pili alikuwa amekuja kwa binti yake kwa matibabu, na asubuhi moja, wengine wakiwa shambani, akaketi mwenyewe kwenye ile stuli ya wafiwa.

"Andika, mayu," akasema, akimwita mama kama wazee wamwitavyo binti. "Mimi nimezaa watoto tisa."

Vidole vikasimama. "Mama, sisi tuko wawili."

"Ni tisa. Wawili ndio mnaoonekana."

Akawataja saba. Mmoja mmoja, na jina la kila mmoja, na mwaka wa mvua kubwa au mwaka wa njaa aliozaliwa. Wengine walikuwa wamekaa siku nne, mwingine miezi mitano. Baba yao, mzee Masunga, alikuwa amewazika nyuma ya zizi na kukataza wasitajwe, kwa kuwa aliamini kumtaja aliyekwenda kunamwonyesha njia anayekuja. Miaka hamsini Nyanjige hakuwataja. Hata Masunga alipokufa hakuwataja, kwa mazoea.

"Siku yangu wasomwe wote," akasema. "Kwa majina, mbele ya watu. Sitaki kwenda kama mtu aliyezaa wawili. Ila usichapishe sasa. Ukichapisha sasa utakuwa umeniita."

"Sichapishi, mama."

"Na wewe usimwambie mtu. Watawasikia siku hiyohiyo."

Veronica alikuwa ameandika, machozi yakidondokea kibodi, na vidole vikaenda kama kawaida yao. Akahifadhi. Faili likaitwa MAMA.

Saa tatu alikuwa nyuma ya bodaboda, ameipakata ile kompyuta bila kioo chake, ameifunga kitenge isichafuke vumbi. Fundi Jeremia, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa na kibanda karibu na stendi. Aliiwasha, akasoma ile barua ya Kiingereza, akavua miwani.

"Mama, pole na msiba."

"Fungua, Jeremia."

"Hii haifunguki."

"Fungua moja tu. Mengine yote yaache yaende. Ni kurasa mbili."

"Ningeweza ningefungua bila kukutoza hata mia. Waliofunga ndio wenye ufunguo, na hata ukiwalipa si kwamba watakupa." Akaichukua diski ya akiba, akaichomeka kwenye mashine yake ya majaribio, akatikisa kichwa. "Na hii ilikuwa imechomekwa. Ulinzi ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Nani aliuzima?"

"Mimi."

Jeremia alimtazama. Alikuwa anamjua mama huyu, ndiye aliyemkatalia hadharani flashi yake mwenyewe, ya fundi, mpaka ipimwe.

"Kwa nini, mama?"

"Ni kaka yangu," Veronica akasema, na hapo akajiinamia juu ya meza ya mtu, katikati ya nyaya na bisibisi, akalia kwa sauti. Sio kilio cha msiba, hicho alishakilia. Hiki kilikuwa cha mtu aliyepewa kitu kimoja tu akishike.

Jeremia akamsogezea karatasi na kalamu. "Andika unachokumbuka, mama. Muda bado upo."

Akaandika. Minza. Akaandika Luhende. Akaandika Kulwa na Doto, kwa kuwa mapacha majina yao ni hayohayo. Kisha kalamu ikasimama. Alifumba macho akaisikia sauti ya mama, akasikia mpaka kile kikohozi cha katikati, akaona mvuke wa chai na kidole cha mama kikihesabu juu ya goti. Majina hayakuwepo. Yalikuwa yameingia sikioni yakatokea vidoleni, kama alivyofundishwa, na kichwani hayakuacha hata unyayo. Kalamu haikumsaidia, haikuwahi kuwa ya kwake. Wanne. Walibaki watatu.

Kwenye gari la kwenda Nkololo aliketi ubavuni mwa Shigela, picha ya mama ikiwa magotini mwa kaka. Nje mashamba ya pamba yalikuwa yamepasuka meupe, mwaka mzuri, na hakuna aliyekuwa anayatazama.

"Fundi amesemaje?" Shigela akauliza.

"Imeshindikana."

"Imeharibiwa na nini?"

Veronica alimtazama kaka yake. Alimchukia kwa muda wa kama kilomita mbili, kabisa, kwa moyo wake wote, halafu akashindwa kuendelea, maana yule mtu alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha picha kwa mkono wa shati na vumbi linarudi naye anafuta tena.

"Umeme," akasema. "Ulikatika vibaya."

"Umeme huu," Shigela akasema.

Wakapita daraja. Ndipo akamwinamia, karibu na sikio, akamweleza habari za wale saba na ahadi aliyoiweka. Shigela akaacha kufuta kioo cha picha.

"Kuna mmoja nilimbeba," akasema. "Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa analima, nami nimembeba mgongoni. Nikasikia amekuwa mzito."

"Alikuwa anaitwa nani, kaka?"

"Tulikuwa tunamwita mtoto." Akageukia dirishani. "Baba alisema nisilitaje jina. Nikalitii, Vero. Nikalitii mpaka likaondoka."

Saa tisa jua lilikuwa kali na watu wamejaa mpaka kwenye uzio wa minyaa. Jeneza liliwekwa juu ya meza mbili kando ya kaburi, nyuma ya zizi, mahali Nyanjige alipopachagua mwenyewe bila kusema sababu. Katekista Januarius akamaliza sala, akasema sasa tusikie wasifu wa marehemu, na akamwashiria Veronica.

Alisimama na ile karatasi moja. Akasoma kuzaliwa, akasoma ubatizo na ndoa, sauti yake ikawa imara kuliko alivyotegemea. Kisha akasema, "Marehemu amejaliwa kupata watoto tisa," na minong'ono ikapita katika watu. Shangazi mmoja akaweka mkono mdomoni.

"Watoto wake ni hawa. Minza. Shigela. Luhende. Kulwa na Doto. Mimi, Veronica."

Chini ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

Watu wakasubiri, wakidhani analia. Hakuwa analia. Aliiweka karatasi chini, akasogea kwenye jeneza, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya zaidi duniani akaweka mikono yote miwili juu ya mfuniko, viganja vimeinuka kidogo, vidole vimekunjwa, kila kimoja mahali pake pa kuanzia, kama juu ya kibodi. Akafumba macho. Mama alikuwa kwenye stuli. Mama alikohoa.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikashuka, kikagonga mbao mara moja. Cha kushoto kikafuata. Kisha vikasita.

Vidole vikarudi mwanzo, vikagonga tena, palepale, taratibu zaidi. Shigela akampa mtu wa jirani ile picha ashike, akasogea mpaka kwenye jeneza, akapiga magoti kwenye udongo uliofukuliwa, na akaweka sikio lake juu ya mbao.