Kidole cha Mtakatifu Yosefu

Jumamosi ya pili ya Februari, wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la jioni la Kiingereza walishuka kwenye treni kutoka Saint Paul, wakakung'uta theluji viatuni na kuingia katika jumba la sanaa. Mwalimu alikuwa amewapa kazi: kila mmoja achague kitu kimoja na kukiandikia barua.

Zamani jumba hilo lilikuwa monasteri huko Uhispania. Miaka mia iliyopita tajiri mmoja alilinunua, akalibomoa jiwe kwa jiwe na kulijenga tena Minneapolis. Kila jiwe lilikuwa na namba. Karibu na mlango palikuwa na bamba la shaba lenye majina ya waashi wote wa Kihispania, hata yule aliyejenga choo.

Générose, mmoja wa wanafunzi hao, mwenye miaka hamsini na tisa, hakusoma bamba. Aliona matao, akaona birika la jiwe lenye maji, akachovya vidole, akafanya ishara ya msalaba na kupiga goti. Wakongo wenzake waliokuwa nyuma yake wakafanya vivyo hivyo. Ndagijimana, ambaye ni Mpentekoste, alibaki wima na kofia mkononi.

"Mama Générose, hapa si kanisa," alisema. "Ni musée, nyumba ya vitu vya kuangalia tu."

"Haya mawe yamesikia sala miaka mingapi? Wewe umeyaambia kwamba sasa ni musée?"

Katika chumba cha tatu alimkuta Mtakatifu Yosefu wa mti wa mvule, kimo cha mtoto wa miaka kumi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Générose akamtambua papo hapo. Babu yake, Rigobert, seremala wa parokia moja karibu na Uvira, alikatwa kidole na tezo kabla hajaoa. Tangu hapo kila mtakatifu aliyemchonga alimpa vidole vinne kushoto. "Siwezi kumpa mtu nisichokuwa nacho," alikuwa akisema.

Kibao kilichokuwa miguuni pake kilisema: Yosefu. Kongo. Mchongaji hajulikani. Kidole kimoja kimepotea.

Générose alitoa rozari. "Salamu Maria, umejaa neema," alianza, na alipofika katikati akanyamaza, kama ilivyo desturi, ili wengine waitikie. Wengine walikuwa wamekwenda kuangalia picha za farasi. Yosefu akaitikia.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu."

Alikuwa na lafudhi ya Uvira. Aliyavuta maneno kidogo, kwa kuwa hakuwa ameombwa kuitikia tangu mwaka 1974. Walifika fumbo la tatu ndipo Kiprop, mlinzi wa zamu, alipokuja.

"Mum, pole sana. Wewe na huyo mzee mpunguze sauti kidogo, kuna watu wa tour."

Yosefu akapunguza sauti. Ndagijimana naye alirudi, akasikiliza.

"Anamwomba mke wake?"

"Wewe humwombi wako?"

"Kila siku. Lakini hanisikilizi."

Rozari ilipokwisha, Générose aliuliza, "Nani alikuchonga, baba?"

"Rigobert," alisema Yosefu. "Alipiga mluzi kuanzia miguu yangu mpaka kichwa. Kisha watu wa maonyesho wakaniazima kwa padre, wakasema nitarudi kabla ya Pasaka."

Kiprop alimwita mama mtunza kumbukumbu, akatafsiri. Mama huyo alimsikiliza Yosefu mpaka mwisho, akauliza jina linavyoandikwa na kumshukuru. Kisha akaeleza kwamba ushahidi wa kitu kilichomo ndani ya jumba haupokelewi. Inatakiwa karatasi. Générose alisema kwamba karatasi za parokia ziliungua pamoja na parokia. Mama akasema anasikitika, na alisikitika kweli.

Générose aliandika barua yake kwa majuma matatu, kamusi mezani. Aliomba jambo moja: jina la babu yake kwenye kibao. Mwalimu alimpa alama za juu. Jumba lilijibu kwa karatasi nzito, nzuri, likisema barua imewekwa katika faili.

Siku hizi, kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, chini ya saa za mkahawa, pameandikwa: Rozari, chumba cha tatu, Jumamosi saa tisa, sauti ya chini. Générose hafiki mikono mitupu. Humletea Yosefu habari za wajukuu. Ndagijimana humbebea kiti cha kukunja, na husubiri dirishani, maana yeye hasali mbele ya sanamu.

Mwishoni huwaombea marehemu. "Raha ya milele umpe Rigobert, ee Bwana," husema Générose, naye Yosefu huitikia, "Na mwanga wa milele umwangazie." Kisha Générose hufunga kitambaa chake na kwenda kupanda treni, moyo umetulia.

Kiprop, kwa kuwa ni kazi yake, hupangusa kibao kwa kitambaa laini mpaka kila herufi isomeke vizuri. Mchongaji hajulikani.