Injini Namba Tisa Uani kwa Rhoda

Jumamosi asubuhi Rhoda alikuwa akipepeta maharage uani kwake mtaani Chanji alipoona injini ya treni imesimama kando ya choo. Ilikuwa ile fupi ya dizeli, ya kupangia mabehewa stesheni. Sumbawanga haina reli. Injini ilikuwa imepanda milima yenyewe, na mabua ya mahindi yalikuwa yamenasa kwenye magurudumu. Rhoda alimaliza ungo wake kwanza.

Aliitambua kwa namba. Tisa ndiyo iliyomponda mumewe, Maganga, akiunganisha mabehewa, miaka kumi na minne iliyopita. Ripoti ya ofisi ya reli ilisema marehemu alikuwa amelewa. Maganga, Msabato aliyekuwa akinusa hata togwa kabla ya kunywa! Walimletea Rhoda viatu vya mumewe na kabari ya mti aliyokuwa akiikita chini ya gurudumu injini isiserereke. Binti yao Bertilla aliitwa mtoto wa mlevi mpaka akaacha shule.

"Mama, imefuata nini huku?" Bertilla aliuliza.

"Sijui. Kitu cha ofisi hakiji bure."

Ndani ya mlango wa injini palikuwa na maandishi ya chaki, mwandiko wa Maganga: *Breki hazishiki. Nimeripoti mara ya tatu.* Rhoda alifunga mlango kwa kufuli, akapeleka taarifa ofisini.

Alikuja Bwana Yonas kutoka ofisini na kitabu cha historia ya injini za aina ile. Alikisoma akiwa ameegemea injini. Zilikuwa kumi na mbili, zote za njano. Mbili ziligongana, moja iliuzwa kiwandani, tisa zilizobaki zilikatwa kuwa chuma chakavu. Namba tisa ilitangulia kukatwa.

"Lini?" Rhoda aliuliza.

"Wiki moja baada ya mazishi."

"Mlikuwa na haraka ya nini?"

Rhoda alipomfungulia mlango, Yonas alisoma ile chaki, akatoa kitambaa mfukoni. Rhoda akasimama kati yake na maandishi.

"Futa jasho lako tu, baba."

Baada ya mwezi barua ya ofisi ilifika. Aya ya kwanza ilisema injini namba tisa haipo, hivyo ripoti ya ulevi inabaki kama ilivyo. Aya ya pili ilimwamuru Rhoda aiondoe injini hiyo uani ndani ya siku kumi na nne.

Rhoda alimsomea Bertilla barua yote, mara mbili, kisha akaikunja. Ilimuuma. Jua lilikuwa linashuka, na injini imeanza kuserereka kuelekea jikoni kama kila jioni. Alichukua kabari ya Maganga, akaisukuma kwa mguu chini ya gurudumu, akarudi kusonga ugali.