Aliyeitwa Nyuma

—Ciku, nikamuita Koinet! Kwa jina, kwa nguvu, yeyo, mama yetu, akiwa bado ameshika kibuyu cha maziwa!

Wacha nianze vizuri. Unajua vile kaka yangu Koinet anakimbiza ile gari ya bluu kwa mashindano ya vumbi huku Kajiado. Wiki yote amelia gari haikati kona. Anazungusha stelingi, pua inaenda tu moja kwa moja, mpaka apunguze mwendo sana. Na mimi si nimesomea magari? Nikajua nyuma inashika barabara kuliko mbele. Dawa ni kupunguza vile nyuma inashika, ilingane na mbele, ndio apite kona akiwa mbio. Kwa hivyo jana, gari ikiwa kwa garaji Kitengela, nikajaza matairi ya nyuma upepo, kutoka ishirini na nane mpaka arobaini, juu tairi ikiwa ngumu inashika kidogo. Sikuambia mtu. Nilitaka ashinde kwanza, halafu nijigambe.

Leo asubuhi yeyo akachovya nyasi kwa maziwa, akanyunyizia boneti, akanyunyizia Koinet kichwa. Kwetu mtu akishabarikiwa hivyo haitwi nyuma. Hata akisahau simu, aende tu. Baba aliitwa nyuma ile siku alikuwa anapeleka ng'ombe soko, na unajua hakurudi.

Koinet akifunga mkanda, Mbugua, fundi wake, akaniambia akicheka, "Leo utaona gari ikikata kona. Nimekaza stabilaiza ya nyuma, ile chuma ya kuzuia gari kulala, mpaka mwisho, nyuma iache kushika sana."

Ugonjwa mmoja, tumeutibu mara mbili, yeye na mimi. Sasa nyuma haitashika kitu, akiingia kona mkia utaruka nje. Na kona ya tatu inapita kando ya kwari, Ciku, lile shimo refu la kuchimba mawe. Hakuna ukuta.

Gari ikaanza kutembea. Nikaangalia yeyo. Halafu nikaita.

Koinet alisimamisha gari. Nikapiga magoti kwa vumbi nikitoa upepo, Mbugua akipima, mpaka ikarudi ishirini na nane. Koinet akatoa kichwa kwa dirisha.

"Resian, unajua umefanya nini?"

Hakuwa anauliza mambo ya matairi.

Nilikimbia mpaka kwari. Alikuja na mwendo sijawahi kuona kwa hiyo kona, gari ikazunguka kama imefungwa kamba. Mkia uligusa ukingo tu. Mawe mawili yakaanguka, na ilichukua muda kuyaskia yakifika chini.

Amekuwa wa kwanza. Watu wanampigia makofi.

Yeyo alimwaga maziwa yote yaliyobaki, akasema hawezi kubariki tena mtu ameitwa nyuma. Na kesho saa nne kuna raundi ya pili, kona ni ile ile. Koinet amesema anaendesha. Mbugua anasema gari iko sawa kabisa, na najua ni ukweli, nimeipima mara tano.

Lakini ataondoka bila maziwa. Nitakuwa nimesimama hapo kwari. Akishapita kona ya tatu, Ciku, wewe ndio wa kwanza nitapigia.