Siku Hilda Alipotoka Uwanjani kwa Hiari

Mzee Kasimiri Mlowe aliondoka Uwemba asubuhi na mapema akiwa amevaa koti lake la kanisani na kofia. Saa tatu na nusu alikuwa ameshafika Makambako. Nilimpokea stendi.

"Kamwene, Mwalimu Judith," alisema. "Nimekuja kumwona mtoto. Kwetu kule mtandao ni mpaka upande kilima, na magoti haya hayataki tena."

Mtoto mwenyewe, binti yake Hilda, ana miaka ishirini na minne, na siku hiyo alikuwa Gaborone na timu ya taifa ya wanawake ya kriketi. Mimi ndiye niliyemfundisha mchezo huo. Miaka tisa iliyopita nilirudi kutoka kwenye semina ya walimu wa michezo nikiwa na mipira miwili na kijitabu cha sheria, basi. Shule yetu haikuwa na kiwanja tambarare, nikaenda kumwomba Awadhi, mfanyabiashara wa mbao hapa mjini, atuazime eneo lililo nyuma ya ghala lake. Alikubali, kisha akamwambia fundi wake atuchongee gongo la kupigia mpira, la mti wa paini. Lilikuwa zito kama mchi. Wasichana wengi walilijaribu wiki mbili wakarudi kwenye netiboli. Hilda alibaki. Upepo wa Makambako mnaujua: mpira unarushwa hapa, unatua pale. Wenzake waliulalamikia, yeye alijifunza kusubiri mpaka mpira uwe chini ya macho yake, ndipo apige.

Tulipofika ghalani, Awadhi alikuwa ameshaweka televisheni juu ya meza ya ofisi na kuiunganisha na simu yake. Alimpa mzee kiti cha karibu zaidi.

"Karibu, Mzee Kasimiri. Leo ndiyo leo."

"Nasikia tukishinda wanaenda Kombe la Dunia," mzee alisema.

Ilibidi nimweleze taratibu. Nchi kubwa za mchezo huu, zile zilizo juu kwenye viwango, huingia Kombe la Dunia moja kwa moja. Nchi kama yetu hupanda ngazi. Kwanza kuna mashindano haya ya Afrika, ambamo timu mbili tu ndizo zinazovuka. Hizo mbili huenda kukutana na timu nyingine ngumu za bara hili. Huko nako ukimaliza vizuri, unaenda kupambana na washindi wa mabara mengine. Ukikosea siku moja, unarudi nyumbani kusubiri miaka miwili.

"Kwa hiyo leo ni ngazi ya chini," alisema.

"Ya chini, Baba Hilda. Na kushinda peke yake hakutoshi."

Nafasi moja ilikuwa imeshachukuliwa. Nyingine tuliigombea na timu iliyomaliza mechi zake jana yake, na tukishinda tungekuwa sawa nayo kwa pointi. Hapo wanaangalia nani amekusanya mikimbio, yaani alama za kriketi, kwa kasi zaidi katika mashindano yote. Wapinzani wetu wa siku hiyo walitangulia kupiga wakapata mikimbio tisini na nane. Tulihitaji tisini na tisa. Kila timu hupewa ova ishirini, yaani mafungu ishirini ya mipira sita sita, lakini mtangazaji alisema sisi tulitakiwa kumaliza ndani ya ova kumi na sita. Tukimaliza katika ya kumi na saba, tungekuwa tumeshinda na tungepanda ndege ya kurudi.

Hilda aliingia kupiga wa kwanza. Mzee alimwona akivaa kofia ya chuma akacheka kidogo. "Kama anaenda kuchomelea mageti," alisema.

Wenzake watatu walitolewa mapema. Hilda alisimama. Alipiga chini chini, akakimbia, akarudi, akapiga tena. Jua la kule lilikuwa kali, naye alishazoea ubaridi wetu. Kufikia ova ya kumi alikuwa akishika paja la kushoto kila anapomaliza kukimbia. Ova ya kumi na tatu ilipoisha timu ilikuwa na sabini na mbili, na arobaini na sita kati ya hizo zilikuwa za Hilda.

"Anakaribia hamsini," nilimwambia Awadhi. Hamsini kwa mpigaji ni jambo kubwa. Jina lako linaandikwa pembeni ya namba hiyo maisha yote. Hilda alikuwa hajawahi kuifikisha akiwa na jezi ya taifa. Alibakiza nne.

Lakini zilihitajika ishirini na saba, na mipira iliyobaki ilikuwa kumi na minane. Mguu ule usingeweza.

Tukamwona anaongea na mwenzake katikati ya uwanja. Akamwendea mwamuzi, akasema neno moja au mawili. Kisha akalibana gongo kwapani na kuanza kutembea kuelekea nje.

Mzee Kasimiri alisimama. "Ametolewa na nani? Mpira haujarushwa!"

"Hajatolewa na mtu," nilisema.

"Sasa mbona anaondoka?"

"Sheria inamruhusu mpigaji kujitoa mwenyewe, lakini akitoka harudi. Anampisha Hamisa."

Hamisa ni binti wa Tanga mwenye mikono ya kupiga mbali. Alikuwa nje muda wote akisubiri mtu atolewe. Walipopishana mpakani mwa uwanja, Hilda alimshika kichwa kwa mkono mmoja, akamwambia kitu, akaenda kukaa chini nje ya mstari.

"Ameacha kazi yake njiani," mzee alisema polepole. Sikujua kama anauliza au analaumu. Awadhi alitazama sakafu.

Mpira wa kwanza Hamisa aliupeleka mpaka kwenye kamba inayozunguka uwanja: nne papo hapo. Ova hiyo ilitupa kumi na moja. Katika iliyofuata alikosa mpira mmoja, uliofuata akaupiga juu ukapita kamba bila kugusa ardhi: sita, na mipira mingine ikaleta tatu. Ova ya kumi na sita ilipoanza zilibaki saba. Moja. Moja. Kapa. Moja. Sasa zilihitajika nne kwa mipira miwili, na wapasuaji mbao walikuwa wamezima misumeno, wamejaa mlangoni.

Hamisa alipiga. Mpira ulipita kati ya walinzi wawili na kufika kwenye kamba.

Ofisi ilipasuka kwa kelele. Awadhi alimkumbatia mzee mpaka kofia ikaanguka. Kwenye televisheni wasichana walikimbilia uwanjani, na nyuma yao kabisa alikuja Hilda, akichechemea.

Baada ya saa moja alipiga simu. Nilimpa baba yake.

"Mwanangu, ulikuwa unalia pale chini?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa ajili ya mguu?"

"Hapana. Nilizitaka zile nne. Nilizitaka sana. Lakini nilihesabu mipira, nikaona nikibaki nitazipata mimi na timu itarudi nyumbani."

Mzee alihamishia simu sikio la pili. Halafu akamwambia kwa Kibena maneno ambayo sikuyasikia vizuri, na yule binti kule mbali akacheka huku akivuta kamasi.

Miezi mitano baadaye, kwenye ngazi iliyofuata, timu ilishinda mechi mbili na kupoteza mbili, haikuvuka. Hilda alirudi Uwemba wiki moja kumsaidia baba yake kuvuna viazi. Jumapili, baada ya misa, mtu mmoja alimuuliza mzee binti yake alipata ngapi kule Gaborone.

"Arobaini na sita," Kasimiri alijibu, akitengeneza kola ya koti. "Angeweza kupata zaidi. Muulizeni mwenyewe kwa nini aliacha."